Orodha Niliyoipanga Upya

Ujiji, Alhamisi, baada ya swala ya alasiri

Mwanangu Sikudhani,

Barua hii utaikuta ndani ya bahasha ya vyeti vyako, si katika sanduku la nguo. Sanduku utalifungua mbele ya watu, bahasha utaifungua peke yako. Isome treni ikiwa imekwisha kupita Uvinza, kwa maana kabla ya hapo utakuwa bado unatafuta mahali pa kuweka mizigo.

Habari ya chandarua, ya maji ya kuchemsha na ya kutonunua kila kitu kinacholetwa dirishani, mama yako mdogo amekwisha kukueleza tangu Jumatatu, na mengine amekueleza mara mbili. Mimi sitayarudia. Nimejitengea muda huu kabla ya magharibi ili nikuandikie jambo moja ambalo sijawahi kukuambia, nalo linahusu kazi unayoiendea.

Unakwenda Dodoma kutunza kompyuta za hospitali ambazo hutaziona. Ulinieleza mwenyewe: utakaa chumbani, utaandika amri, na mashine iliyoko wilaya nyingine itatii. Ulinieleza polepole sana, kama mtu anayemwonyesha bibi kizee swichi ya taa, nami nikakuacha umalize. Hukujua kwamba nilikuwa nikiifanya kazi hiyo wewe ukiwa darasa la sita. Ulichojua ni kwamba mama ameacha ualimu, anakwenda ofisi ya wakimbizi, na jioni anarudi na mkate kutoka soko la Mwanga.

Miaka ile watu walikuwa wakivuka ziwa kutoka Burundi kila juma. Wengine walikuja kwa mitumbwi, wengine kwa miguu kupitia milimani, na miongoni mwao walikuwamo watoto wasio na mtu mzima. Ofisi yetu ilikuwa na kazi ya kuandika majina ya watoto hao ili wazazi wao, wakitokea, waweze kupatikana. Mimi niliajiriwa kwa sababu ya mwandiko wangu na, nadhani, kwa sababu ya ukali wangu. Mkuu wa kituo alisema anataka mtu asiyevumilia makosa. Nilijibu kwamba amempata.

Majina hayakuwekwa katika kompyuta yetu. Yaliwekwa katika mashine iliyokuwa Dar es Salaam, ili watu wa Kasulu na wa Kibondo nao wasome orodha ile ile. Tuliifikia kwa dishi lililofungwa juu ya paa. Hapakuwa na picha za kubofya wala rangi. Palikuwa na skrini nyeusi, mstari wa herufi, na alama ndogo iliyokuwa ikipepesa kama inayokusubiri useme.

Aliyenifundisha alikuwa fundi mmoja wa huko Dar, Mzee Komba. Sijawahi kumwona hadi leo. Alinifundisha kwa redio ya ofisi, na somo la kwanza lilinikasirisha.

"Mwalimu, uko wapi? Ova."

"Niko Kigoma, ofisini, nimekaa kitini."

"Hilo ninalijua. Nauliza mikono yako iko wapi. Iko kwenye mashine ya hapo au kwenye ya huku kwangu?"

"Nitajuaje?"

"Soma mwanzo wa mstari. Jina la mashine limeandikwa pale. Usipolisoma, siku moja utaizima ya kwangu ukidhani unazima ya kwako, nami nitakuja Kigoma kwa miguu kukuuliza."

Nilidhani ananitania. Baadaye nilielewa kwamba skrini mbili zinafanana kabisa, ile iliyoko mezani pako na ile iliyoko maili mia saba, na kwamba mkono hauhisi tofauti. Jina lile mwanzoni mwa mstari ndilo pekee linalokuambia uko nyumbani kwa nani. Kisha alinifundisha herufi tatu, pwd, za kuuliza nimesimama katika folda gani, na herufi mbili, ls, za kuonyesha kilichomo. Akanikataza kugusa kitu chochote kabla sijauliza hayo mawili. Niliyaandika katika daftari na kuyapigia mstari kwa rula.

Kilichonisumbua zaidi ni kimya. Nimefundisha miaka ishirini na mitano, na nimezoea kujibiwa. Nikisema "Fungueni vitabu," darasa husema "Ndiyo, Mwalimu." Mashine ile ukiiamuru, ikatii, haisemi neno. Inakurudishia mstari mtupu na alama yake inayopepesa.

"Mzee Komba, imekubali?"

"Imenyamaza?"

"Ndiyo."

"Basi imekubali. Ikikataa ndipo inapoongea."

Mwenzangu Domitila, aliyekuwa akinywa chai mlangoni, alicheka hadi akamwaga. "Ningeolewa na hiyo," alisema. "Mume wangu anakubali kwa sauti kubwa, halafu hafanyi."

Domitila unamkumbuka, yule mama mrefu aliyekuja hapa Idi mbili na kukusuka nywele. Alikuwa Mrundi, mkimbizi kama wale aliowaandika, na kazi yake ilikuwa kusimama kituo cha mapokezi, chini karibu na ziwa, na kuandika watoto jinsi walivyofika. Aliniletea majina, mimi nikayaingiza. Aliniita Mwalimu, nami nilimwita Domitila tu, ingawa tulikuwa karibu rika moja. Hilo nalo ni kosa, lakini silo ninalokuandikia leo.

Siku moja alikuja na karatasi za watoto arobaini na mmoja waliofika kwa siku mbili. Alisoma, nikaandika, mstari kwa mstari, hadi tukamaliza. Karatasi zenyewe zilichukuliwa na gari lililokuwa likienda Kasulu mchana ule. Domitila alirudi kituoni. Mimi nikabaki naitazama orodha.

Mwanangu, orodha ile iliniudhi. Herufi N ilikuwa juu ya A, B ilikuwa chini ya S, kisha N tena. Maisha yangu yote daftari la mahudhurio hupangwa kwa alfabeti, na mwalimu asiyepanga kwa alfabeti nilikuwa namwona mvivu. Nilikuwa nimejifunza amri mpya juma lile, inaitwa sort, ambayo hupanga mistari kwa utaratibu. Nikafikiri: nitapanga kwa jina la pili, yaani jina la baba, ndipo ndugu watakaa pamoja, na kila mtu atanishukuru. Wewe ni Sikudhani Ramadhani kwa sababu baba yako ni Ramadhani, na ndugu zako wote ni Ramadhani. Hapa Ujiji hata kipofu akikusanya jina la pili atapata nyumba nzima.

Nikaiamuru ipange. Ikaandika orodha mpya. Orodha mpya nikaiweka juu ya ile ya zamani, kwa jina lile lile la faili, ya zamani ikatoweka. Mashine haikuniuliza kama nina hakika. Mashine zile hazikuulizi, na hiyo unayoiendea haitakuuliza. Ilinyamaza, nami nikakichukua kimya chake kuwa ni sifa.

Nilichapisha karatasi safi kuliko zote zilizowahi kutoka katika ofisi ile, nikampelekea mkuu wa kituo. Watoto walikuwa waondoke kesho yake asubuhi kwa malori mawili kwenda kambi mbili tofauti, zilizoachana mwendo wa siku nzima. Mkuu alipiga mstari katikati ya orodha. Walio juu ya mstari lori la kwanza, walio chini lori la pili. Ndivyo alivyokuwa akifanya siku zote, kwa sababu alijua Domitila huwaandika ndugu wakifuatana.

Asubuhi ile ningeweza kwenda ofisini moja kwa moja. Nilipitia kituo cha mapokezi, na nakuambia sababu bila kuipamba: nilitaka kuiona orodha yangu ikisomwa.

Malori yalikuwa yanaunguruma. Karani alisimama juu ya ndoo iliyopinduliwa, akiita.

"Emanweli Bigirimana! Lori la kwanza."

Alikuja msichana wa kama miaka kumi, amembeba mgongoni mtoto wa kiume asiyezidi mitatu, amemfunga kwa kitenge.

"Wewe ndiye Emanweli?" karani aliuliza, madereva wakacheka.

"Ni huyu. Mimi Spesi Nahimana."

Karani alishuka kwa kidole hadi ukurasa wa pili. "Nahimana, lori la pili. Mlete huyo mtoto hapa, wewe kasimame kule."

"Ni musaza wanje," alisema yule msichana.

"Anasema nini?"

"Anasema ni ndugu yake," dereva mmoja alijibu, Muha wa Kalinzi, anayeielewa lugha ile. "Mama yangu, mwacheni apande naye, jua linapanda."

"Kila mtoto hapa ana ndugu aliyempata jana," karani alisema. "Bigirimana na Nahimana, wapi na wapi? Orodha imetoka kwenye kompyuta."

Yule msichana hakulia. Alirudi nyuma hadi kwenye gurudumu la lori, akakaa chini, akaegemea, hivi kwamba mtoto akawa katikati ya mgongo wake na mpira wa gurudumu. Asingeweza kufunguliwa kitenge bila yeye mwenyewe kuinuliwa.

Nilisimama hatua tano kutoka pale, nami sikuelewa bado. Aliyeelewa alikuwa Domitila. Alikuja kutoka kwenye sufuria ya uji, upawa mkononi, akaichukua orodha kwa karani, akaisoma. Kisha akanitazama.

"Ewe Mwalimu. Hawa watoto umewafanya nini?"

"Nimewapanga."

"Umewapanga vipi?"

"Kwa jina la baba."

"Baba yupi?" Alisema polepole, na upawa ulikuwa ukidondosha uji juu ya viatu vyake. "Kwetu jina hilo ni la mtoto mwenyewe. Baba yangu hana jina langu. Kaka zangu watano, kila mmoja ana lake. Niliwaandika wakifuatana, Mwalimu. Huyu, na aliyemshika mkono, na aliyemshika huyo. Undugu wao ulikuwa hapo tu, kwenye kufuatana. Hakuna mahali pengine ulipoandikwa."

Niliitazama karatasi yangu safi. Mwanangu, kila ndugu katika orodha ile nilikuwa nimemtenga na nduguye kwa mkono wangu, nikampangia lori. Wale wakubwa wangeweza kusema wametoka wapi na mama yao anaitwa nani. Emanweli hakujua hata kutamka jina lake lote. Akishushwa katika kambi ya watu maelfu bila dada yake, hapakuwa na njia yoyote ninayoijua ya kumrudisha.

Mkuu wa kituo alikuja kuuliza kwa nini lori haliondoki. Na hapa ndipo penye kosa lenyewe. La jana lilikuwa ujinga. Hili lilikuwa jingine.

Nilisema, "Inaelekea mashine imechanganya majina."

Sentensi ile ilikuwa sanifu. Ningeipa alama zote ubaoni.

Mkuu hakuwa mtu mbaya. Alinijibu jambo la akili: "Kama mashine ya Dar imechanganya, basi hatujui imechanganya nini, wala wapi, wala tangu lini. Siwezi kuyasimamisha malori kwa jambo lisilojulikana. Dar watatazama juma lijalo. Orodha tuliyonayo ni hii. Pakieni."

Domitila alishusha upawa. Alikuwa mkimbizi mwenye kibarua, mbele ya mkuu wake, nami nilikuwa Mwalimu. Alinitazama tu. Karani aliinama akaanza kulitafuta fundo la kitenge, na yule msichana akabana viwiko.

Nimejiuliza mara nyingi kama ningesema bila ya kuliona lile fundo. Sijui. Nakuachia hivyo hivyo, kwa kuwa sipendi kukuandikia barua ya kujisifu.

"Mkuu, si mashine," nilisema. "Ni mimi. Nimeipanga orodha kwa alfabeti jana saa nane, nikaiandika juu ya ile ya Domitila."

Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. Ilikuwa sauti ya gwaride la asubuhi. Kila mtu aligeuka, hata watoto. Yule dereva wa Kalinzi akasema, "Heee! Leo mwalimu kajipa sifuri," na watu wakacheka, nami nilistahili.

Mkuu hakucheka. Aliuliza swali moja tu: "Una hakika ni mpangilio peke yake? Hakuna jina lililofutika?"

Sikuwa na hakika. Tukampigia Mzee Komba kwa redio ya gari. Nikamweleza, tukasubiri, redio ikikoroma.

"Mwalimu, nimeifungua historia yako," alisema hatimaye. Maana mashine zile hukumbuka kila amri uliyoandika, kwa mfuatano, chini ya jina lako. Hilo nalo nililisikia siku ile kwa mara ya kwanza. "Naona umeingia kwenye folda. Umepanga kwa neno la pili. Umeweka mpya juu ya ya zamani. Umetoka. Jana mliingiza watoto wangapi? Ova."

"Arobaini na mmoja."

"Na mistari ni arobaini na mmoja. Basi hakuna aliyepotea. Kilichopotea ni nani alisimama karibu na nani. Hicho mimi sina, nakala ya akiba ya usiku imechukua orodha yako ikiwa imekwisha kupangwa. Waulizeni watoto wenyewe." Redio ikakoroma tena. "Ungeandika amri ya kunakili kwanza, Mwalimu. cp. Herufi mbili."

"Ninaijua."

"Sasa ndiyo unaijua."

Mkuu alitupa muda hadi adhuhuri. Madereva walizima injini. Na nikuambie, Sikudhani, ngurumo ile ilipokatika nilisikia wepesi kifuani ambao sijausikia mara nyingi tangu hapo. Nilikuwa nimeaibika mbele ya watu sitini, na nilikuwa mwepesi. Nilipoisingizia mashine, hakuna aliyejua pa kuanzia. Niliposema ni mimi, kila mtu alijua palipoharibika, na kwa hiyo palitengenezeka.

Tuliwaketisha watoto chini kwa makundi jinsi walivyotaka wenyewe. Domitila alimwita kila mmoja kando na kumuuliza peke yake: mama anaitwa nani, nani alilala karibu na mlango, jogoo wenu alikuwa wa rangi gani. Mimi niliandika, na safari hii kila nyumba niliipa namba, ili undugu uandikwe kwa namba na usitegemee tena kufuatana. Wavulana wawili walidai kuwa ni ndugu na majibu yao hayakulingana hata moja. Nilitaka kuwatenganisha. Domitila alinishika mkono wenye kalamu.

"Wametembea pamoja siku tisa, Mwalimu. Unataka ukoo gani tena?"

Nikawapa namba moja.

Spesi alikuwa wa mwisho kuinuka kutoka kwenye gurudumu. Alitaka aonyeshwe. Hakujua kusoma, lakini aliweka kidole juu ya jina lake nilipomwonyesha, kisha juu ya la ndugu yake lililokuwa chini yake, akapima nafasi iliyokuwa katikati yao, akaona hakuna. Ndipo alipofungua kitenge. Mtoto alikuwa amelala muda wote. Waliondoka na lori la pili, wote wawili, kabla ya saa saba. Domitila alinipa uji uliobaki, nikaunywa nimeketi juu ya gunia la mahindi.

Mkuu alininyang'anya neno la siri kwa mwezi mzima. Niliandika kwa kalamu na Domitila ndiye aliyeingiza, akiniuliza kila mara, "Mwalimu, nipange?" Mzee Komba alinianzisha upya kama mwanafunzi aliyerudia darasa. Namshukuru. Aliyonifundisha mwezi ule wewe umeyasoma chuoni, lakini nadhani mimi niliyajua kwa njia nyingine. Kwa mfano, mvua iliponyesha dishi lilikuwa likikatika katikati ya amri, nami zamani ningeingia tena na kuirudia amri ile ile kwa hasira. Nikajifunza kuingia, kutazama kwanza kilichokwisha kufanyika, na kurudia kilichobaki tu. Kukatika kwa mawasiliano hakumaanishi kwamba ulichoagiza hakikusikika. Nikajifunza pia kutovaa mamlaka ya msimamizi wa mashine kwa kazi ambayo jina langu la kawaida linaitosha. Na nikajifunza kuaga. Andika exit uondoke, usiache mlango wa mtu wazi eti kwa kuwa unarudi baada ya chai.

Lakini ninalokuhofia, au nililokuwa nikikuhofia, si hayo. Darasani nikikosea hesabu ubaoni, nyuso arobaini huniambia kabla sijageuka. Mashine haina uso. Watu walio nyuma yake hutawaona, nao hawatakuona. Utakosea, kwa sababu kila mtu hukosea, na kwa kitambo kidogo utakuwa peke yako duniani unayejua. Kitambo hicho ni kifupi sana. Kwangu mimi kilikuwa na urefu wa kuinama kwa karani.

Kuna jambo jingine la juma lile lile, na hili linakuhusu. Siku tatu baada ya malori, ulivunja chupa ya chai ya baba yako. Nilipokuuliza, ulisema, "Imevunjika." Nilikuchapa, kisha nikakusimamisha ukutani ukitamka mara ishirini, "Nimeivunja mimi." Baba yako alisema inatosha, sikumsikiliza. Nilikuwa nimetoka kusema uongo wa aina ile ile, kwa watu wazima, juu ya watoto arobaini na mmoja, na mkono wangu ulikuwa ukikuchapa wewe kwa chupa ya chai. Nadhani nilikuwa nikimchapa mwingine. Hukustahili. Nimebeba hili miaka minane, na kila ulipokuwa kimya mbele yangu nilijiuliza kama nilikufundisha kusema kweli au nilikufundisha kuniogopa. Nisamehe, mwanangu. Sikuliandika hili kwa kutafuta maneno mazuri, kwa hiyo usiyatafute.

Nimesema "nililokuwa nikikuhofia". Jumamosi iliyopita, ukiwa bado unamalizia mafunzo yako pale hospitali ya mkoa, ulikuwa nyuma ya nyumba karibu na mapipa ya maji, kompyuta yako ikiwa wazi juu ya pipa, simu sikioni. Mimi nilikuwa jikoni, dirisha wazi. Sikukusudia kusikiliza, ila nilisikiliza.

"Shikamoo, Daktari," ulisema. "Kompyuta ya maabara imezimika... Hapana, si umeme. Nimeizima mimi. Nilikuwa nazima ya stoo, sikusoma jina. ... Ndiyo, mimi. Majibu ya leo asubuhi yamo, ila yale yaliyokuwa yanaandikwa wakati ule itabidi wayarudie. Nakuja sasa hivi. ... Ndiyo, Daktari, sema tu, nimestahili."

Ulivaa viatu ukaondoka hata bila kunawa uso. Hukuwa umekaa na jambo lile hata dakika tatu. Na hukuwa ukimwogopa mtu. Nilikusikia vizuri, sauti ilikuwa na aibu lakini haikuwa na hofu. Sijui aliyekufundisha hivyo. Sidhani ni mimi. Pengine ni baba yako, pengine ulizaliwa nayo, na sioni haja ya kujua.

Nilirudi kwenye sufuria nikakuta mchuzi umeungua chini, nikaumwaga, nikapika mwingine. Uliporudi jioni nilikupa kichwa cha samaki wa kuhe, kile ambacho nyumba hii nzima inajua ni changu, nikakutazama unavyokula. Ulimwambia mama yako mdogo kwamba huenda naumwa, na yeye akaniletea vidonge.

Sikuwa naumwa, Sikudhani. Nilikuwa nimepona.

Muadhini amekwisha kuita. Dodoma ina baridi kuliko unavyodhani.

Ni mimi mama yako,
Mwalimu Zena